Wali wa nailoni, maji ya chupa yaliyokaa juani, dumu la dispensa: kipi cha kuogopa kweli na kipi ni kelele za WhatsApp?

Nyangumi wa Kigamboni (mleta mada)

Habari za jioni wanajamvi.

Kuna ile sauti inazunguka WhatsApp, mtu anajiita daktari lakini jina hataji. Anasema maji ya chupa yakikaa ndani ya gari, au yakigandishwa kwenye friza, yanatoa sumu iitwayo dioksini na hiyo ndiyo inaleta kansa ya matiti. Kwenye kundi letu la ukoo imepokelewa kama wahyi. Shangazi yangu ameapa maji ya chupa hayagusi tena.

Shangazi huyo huyo wali anaupalia hivi: anatandaza mfuko wa nailoni juu ya wali, anafunika mfuniko, anapanga makaa juu. Ukija kufunua, nailoni imenywea na kung'ang'ania ukingo wa sufuria, na pale ilipogusa chuma umebaki utando unaong'aa ambao hautoki mpaka uukwangue kwa kisu. Nikamuuliza, shangazi, na hii je? "Mwanangu, hii tunapika miaka yote."

Ndiyo sababu ya uzi huu. Tunakimbia kivuli, chui tumemfuga jikoni.

Nianze na dioksini. Chupa ya maji ya kawaida ni plastiki aina ya PET, na PET haina dioksini. Dioksini inazaliwa kwenye moto, hasa taka zenye klorini kama PVC zikichomwa hovyo. Friza haiwezi kuitengeneza. Baridi inapunguza mwendo wa kemikali, haiuongezi. Anayeogopa dioksini amfuate jirani anayechoma taka uani kila Jumamosi.

Kinachohama kweli kutoka kwenye plastiki ni vitu vidogo vidogo vilivyobaki humo kiwandani: malighafi ambayo haikuungana, vilainishi, rangi, vichocheo. Vinne vinavisukuma kutoka: joto, mafuta, asidi na muda. Maji baridi kwenye chupa, hapo una muda peke yake. Chipsi zimetoka kwenye mafuta zikafungwa kwenye mfuko laini, hapo una joto na mafuta kwa mpigo. Hesabu hiyo shangazi hajaipiga, na yule daktari wa WhatsApp hajaipiga pia.

Karibuni. Tuongee vyombo vya kwetu, vya jikoni na vya barazani.

Kibanga

Nimevuta kiti. Wenye fani shusheni nondo.

Mzee wa Ubungo

Mkuu umeandika vizuri lakini hizi habari mimi zinanichosha. Uji wa shule tumekunywa kwenye vikombe vya plastiki, unamiminwa unafoka. Maji ya kisima tumeyaweka kwenye madumu ya mafuta. Tuko hai, tuna wajukuu. Kansa ilikuwepo, watu walikuwa hawapimwi, basi.

Mtu wa Maabara

Mzee wangu shikamoo. Hoja ya "tuko hai" ina shida moja: aliyekufa hawezi kuja kuipinga humu.

Kwenye vipimo uko sahihi, tena sana. Lakini mnachoogopeshwa siyo sumu ya kumwangusha mtu akimaliza kikombe. Ni vitu vinavyojifanya homoni, na BPA (bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu) ndiyo kinara wao.

Historia yake inashangaza. Mrusi Aleksandr Dianin aliitengeneza mwaka 1891. Mwaka 1936 huko London, Charles Dodds na mwenzake walikuwa wanatafuta dawa itakayofanya kazi ya estrojeni, wakaijaribu kwa panya na ikafanya. Wakapata nyingine kali zaidi, DES, BPA wakaiweka kando. Miaka ya 1950 ikarudi kwa mlango wa viwanda: ikatengenezwa polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na resini ya epoksi inayopakwa ndani ya makopo ya chakula. Maana yake, kwamba kitu hiki kinagusa homoni kilijulikana kabla hakijaingia kwenye chombo cha chakula hata kimoja. Hakuna aliyeficha, ilikuwa imechapishwa.

Kisa kinachonifanya niiheshimu ni cha Patricia Hunt, mtafiti wa Cleveland, Marekani. Mwaka 1998 alikuwa anachunguza mayai ya uzazi ya panya, na ghafla mayai ya panya wale wa kulinganishia, ambao hawakupewa kitu chochote, yakaanza kuwa na kromosomu zilizovurugika. Walihangaika kutafuta. Kumbe vizimba na chupa za maji za panya, zote polikaboneti, zilioshwa kwa sabuni ya sakafu badala ya sabuni yake. Plastiki ikaliwa, BPA ikavuja, panya wakainywa. Akachapisha mwaka 2003.

Mnaosugua madumu ya maji ya dispensa kwa sabuni kali na steeluli, hicho kisa ni chenu.

Kibanga

Dumu la dispensa ndiyo hiyo polikaboneti?

Fundi Prifomu

Mengi ndiyo. Niingie hapa kwa sababu nimekaa kiwandani upande wa kupuliza chupa, na naona watu wanasoma namba za kitako vibaya.

Zile namba ndani ya pembetatu zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya watu wa kuchambua taka, wajue kipi kinayeyushwa na kipi. Hazikuwekwa kukuambia "kula humu". Ndoo ya rangi ya ukuta inaweza kuwa na namba 5 na bakuli la chakula likawa na namba 5. Jina la plastiki ni moja, kilichotiwa ndani yake na kilichowahi kukaa humo ni tofauti. Alama inayokuhusu wewe mlaji ni ile ya glasi na uma.

Ila namba zinasaidia kujua tabia. 1 ni PET, chupa za maji na soda. Hii inaanza kulegea kama nyuzi 70, ndiyo maana ukiimiminia chai inajikunja kiuno na kuvimba mdomo. 2 ni polithini ngumu, madumu ya mafuta ya kula na chupa za maziwa. 4 ni polithini laini, mifuko, na inayeyuka kati ya nyuzi 105 na 115. Mvuke wa wali ni 100, lakini ukingo wa sufuria iliyobeba makaa juu na chini hauishii 100. Utando aliouona mleta mada ndiyo huo, mfuko umeyeyuka. 5 ni polipropilini, inavumilia, inayeyuka karibu na 160, vyombo vingi vya kupashia chakula ni hiyo. 3 ni PVC, hiyo ndiyo ya kulainishwa kwa thalati, msile nayo. 6 ni polisitirini, yale maboksi meupe mepesi ya chipsi. 7 ni kapu la "mengineyo", na polikaboneti imo humo, wakati mwingine wanaandika PC pembeni.

Dumu la dispensa: geuza kitako. PC au 7, ngumu, ukiligonga linalia, hiyo polikaboneti. Siku hizi yapo ya PET pia, laini kidogo.

Na rangi. Masalia safi ya kiwandani yanasagwa na kurudi kwenye mashine, hayo hayana neno. Masalia ya kuokota, yakishachanganyika bluu na nyekundu na kijani, huwezi kupata rangi ya kueleweka tena, unaua kwa nyeusi. Mimi beseni jeusi la bei ya kutupa nafulia nguo, sikandii unga.

Mtu wa Maabara

Fundi hapo kwenye nyeusi umegusa penyewe. Plastiki nyeusi iliyosindikwa upya hukutwa na dawa za kuzuia moto, kwa sababu mabodi ya televisheni na kompyuta mabovu yanaingia humo. Lakini tuwe waangalifu na vichwa vya habari. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani kuhusu miiko na vyombo vyeusi vya jikoni, ukasema dozi inakaribia kikomo cha usalama, watu wakatupa miiko. Baadaye ikagundulika kosa la hesabu: 60 mara 7,000 waliandika 42,000. Ni 420,000. Kikomo kilikuwa juu mara kumi ya walivyosema. Dawa zile zilikutwa kweli, ila hofu ilizidishwa na sifuri moja.

Mzee wa Ubungo

Hahaha! Sifuri moja dunia nzima inatupa miiko. Ndiyo ninachosema mimi.

Mama Riziki

Jamani mimi ni mama lishe, nisomeni na mimi. Mnaongea kama tunafunika nailoni kwa kupenda.

Wali wa sufuria kubwa bila kuubana mvuke juu unabaki na kiini. Ukiongeza maji unakuwa bokoboko, mteja anahama kwa jirani. Mkaa bei mnaijua. Mfuko unabana mvuke, wali unaiva haraka, makaa yanabaki ya kupikia maharage. Sasa nyie mnaosema acha, niambieni niweke nini. Msiniambie ninunue sufuria mpya yenye mfuniko wa kubana, sina hiyo hela.

Na hiyo mifuko siyo ile ya kubebea iliyokatazwa Juni 2019. Ni hivi vifungashio vyeupe, vinauzwa dukani kwa uwazi kabisa.

Nyangumi wa Kigamboni

Mama Riziki asante, hii ndiyo sauti niliyokuwa naisubiri. Rangi nyeupe haibadilishi kitu dada yangu, ni polithini ile ile, na kifungashio kimetengenezwa kubeba sukari kavu, siyo kupikwa.

Cha kuweka: kitambaa cha pamba kisicho na rangi, kikunje mara mbili, kiloweshe, kikamue, tandika juu ya wali, mfuniko juu yake. Ncha zikunje ndani zisining'inie kwenye makaa. Kinabana mvuke, na kinanyonya yale matone ya mfuniko. Kila siku kichemshwe na kianikwe.

Jirani wa Kampala

Huku kwetu matoke yalikuwa yanafungwa kwenye majani ya mgomba tupu, tabaka kwa tabaka, yanapikwa kwa mvuke saa nyingi. Watu wakaanza kuongeza kaveera, yaani mfuko wa nailoni, juu ya majani, eti yanaiva upesi na jani halipotei bure. Sasa ukienda mahali unakuta majani yamebaki pambo, kaveera ndiyo inapika. Mama akiwa na mgomba nyuma ya nyumba hana haja ya hata hicho kitambaa. Jani ulipitishe kwenye moto kidogo, linalegea, halichaniki.

Mama Riziki

Majani Temeke nayatoa wapi mwanangu. Kitambaa nitajaribu.

Na chapati? Nazipanga za moto kwenye hotipoti, nyingine ndani ni plastiki.

Fundi Prifomu

Za ndani chuma ndiyo nzuri. Kama ni plastiki, tandika kitambaa au karatasi nyeupe isiyo na maandishi chini na juu, chapati isiguse. Gazeti usitumie, wino nao ni kemikali. Maandazi ya kwenye gazeti wote tumekula, lakini wino unaganda kwenye mafuta, unauona kwa macho, kichwa cha habari kimehamia kwenye andazi.

Kibanga

Nimesoma andazi langu la leo, lina matokeo ya Simba.

Chupa Bora Afya Bora

Ndugu zangu suluhisho lipo. Tunazo chupa za kisasa ZISIZO NA BPA, asilimia 100 salama, unaweka chai ya moto, juisi, hata maji ya mtoto. Njooni inboksi kwa bei ya jumla.

Mtu wa Maabara

Bosi, "haina BPA" haimaanishi haina ndugu zake. Viwanda vingi vilipoitoa BPA viliingiza BPS au BPF, ambazo umbo lake linafanana na tabia yake inafanana. Kwenye homoni zinagusa kule kule. Tuambie ni plastiki gani na inavumilia nyuzi ngapi. Na kama ni PET au polipropilini, BPA haikuwa humo tangu mwanzo, kwa hiyo unatuuzia sifa ya kutokuwepo kitu ambacho kisingekuwepo.

Chupa Bora Afya Bora

Inavumilia joto.

Fundi Prifomu

Nyuzi ngapi?

Mswahili wa Hamburg

Muuzaji ameshaondoka huyo.

Niongeze ya huku. Kanada ilitangaza mwaka 2008 kuiondoa BPA kwenye chupa za watoto wachanga, Umoja wa Ulaya ukafuata 2011, Marekani 2012. Ufaransa ikaenda mbali zaidi, 2015 ikaipiga marufuku kwenye vifungashio vyote vya chakula. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku kwa vyombo vya chakula kwa ujumla, ikaanza Januari 2025 na viwanda vikapewa muda wa kubadilika.

Kilichowasukuma ni hesabu ya EFSA, mamlaka ya chakula ya Ulaya. 2015 walisema mtu anaweza kupokea mikrogramu 4 kwa kilo ya uzito wake kwa siku bila shida. Aprili 2023 wakashusha hadi nanogramu 0.2. Hiyo ni mara 20,000 chini. Walitazama seli za kinga za panya, siyo kansa.

Lakini msidhani wataalamu wote wamekubaliana. Taasisi ya Ujerumani, BfR, iliwabishia waziwazi na kuweka yake, nanogramu 200, yaani mara 1,000 juu ya ile ya EFSA. Na Wamarekani wa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wao wameendelea kusema kiasi kilichopo kwenye chakula ni salama. Takwimu ni zile zile za panya, wanachobishania ni namna ya kuzisoma.

Mzee wa Ubungo

Sasa wenyewe hawajaelewana, mama Riziki wa Temeke ndiyo aache kupika?

Mswahili wa Hamburg

Mzee, wanabishana kuhusu kiasi kidogo mno kinachotoka kwenye kopo au chupa iliyopimwa kiwandani. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema yeyusha mfuko kwenye wali. Hapo hakuna mabishano.

Akinyi wa Kisumu

Nyie wa maji juani, mwajua kuna mbinu ya kuua viini kwa kuanika chupa juani makusudi? Yaitwa SODIS, ilienezwa na watafiti wa Uswisi na Shirika la Afya Duniani laitambua. Huku Kenya imefanyiwa kazi hata Kibera. Wachukua chupa ya PET isiyo na rangi, safi, lita moja au mbili, waijaza maji yasiyo na tope, waianika saa sita kwa jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Miale na joto vyaua vijidudu vya kuhara.

Kwa hivyo mtu wa Dar atupa maji kwa sababu yalikaa juani, na mama wa kijijini ayaweka juani ili mtoto asihare. Kemikali zilipimwa kwenye maji hayo, kiasi kikakutwa chini ya vikomo vya maji ya kunywa. Mimi ni muuguzi. Kipindupindu nimekiona kwa macho. Tafadhalini, msimtishe mtu aache maji safi kwa sababu yako ndani ya plastiki, kisha aende kuchota mtoni.

Nyangumi wa Kigamboni

Dada Akinyi pokea maua yako.

Na kwa wanaouliza kuhusu gari: kinachofuatiliwa kwenye PET ni antimoni, inabaki kutokana na kichocheo cha kiwandani. Watafiti wa chuo kikuu cha Jimbo la Arizona, na Arizona ni jangwa, mwaka 2008 walipima chupa kwenye joto mbalimbali. Kwa nyuzi 60 ilichukua siku 176 kufika kikomo cha Marekani, mikrogramu 6 kwa lita. Kwa nyuzi 80, siku mbili na kitu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kiko juu zaidi, 20. Chupa iliyosahaulika kwenye gari tangu asubuhi, kunywa. Katoni zilizokaa miezi nje ya duka chini ya bati, hizo mimi sinunui, na hata ladha utaijua, ina kautamu ka plastiki.

Kibanga

Chupa za kuokota zinazojazwa ukwaju na juisi ya miwa je?

Akinyi wa Kisumu

Hapo usiogope kemikali kwanza, ogopa uchafu. Chupa ya PET haichemshiki, Fundi ameshaeleza, yajikunja. Kwa hivyo yule muuzaji aliiosha kwa maji baridi, na hujui nani aliiweka mdomoni, au iliwekwa mafuta ya taa.

Bwana Shamba Iringa

Mafuta ya taa ni afadhali. Ngoja niwaambie mnachokipita kila siku.

Mapipa ya bluu ya lita 200 na madumu ya pembejeo. Plastiki ile inanyonya. Kiuatilifu kikikaa humo kinaingia kwenye ukuta wa dumu, siyo juu tu. Unaosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga, harufu inaisha, wewe unasema limetakata. Unaweka maji ya kunywa au pombe ya kienyeji, kinaanza kurudi polepole. Utaratibu wa FAO na Shirika la Afya Duniani ni kusuuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye pampu ya kunyunyizia, kisha dumu litobolewe. LITOBOLEWE. Litobolewe ili lisipate mtu wa kulitumia. Huku dumu likitobolewa watu wanakuona mwendawazimu, lina thamani mnadani.

Nimekuta pipa lenye alama ya fuvu, limekwanguliwa nusu ya lebo, lina togwa la harusi. Mwenyewe ananiambia, bwana shamba, tumelisuuza wiki nzima.

Tunabishana nanogramu hapa, na hiyo haihitaji maabara.

Mtu wa Maabara

Nakubaliana na kila neno. Hiyo ingekuwa namba moja kwenye orodha yangu.

Mama wa Mapacha

Samahani wataalamu, mimi nina wachanga, maziwa yangu hayatoshi, nawaongezea ya kopo. Nimesoma kuwa chupa zinatoa mamilioni ya chembe za plastiki. Nimelia usiku mzima.

Akinyi wa Kisumu

Pole mama mapacha, na hongera. Usilie.

Utafiti uliousoma ni wa chuo cha Trinity, Dublin, mwaka 2020. Chupa za polipropilini, maji ya moto nyuzi 70, chembe hadi milioni 16 kwa lita. Ni nyingi kweli. Chembe hizo zawafanya nini watoto, bado hawajaeleza. Lakini watafiti wenyewe walitoa njia, na si ngumu: chemsha maji kwenye sufuria au birika la chuma, changanya maziwa kwenye chombo cha kioo au cha chuma wakati maji bado ya moto, kwa sababu ule umoto ndio unaoua vijidudu vya unga wa maziwa. Acha yapoe ndipo umimine kwenye chupa. Chupa ukishaichemsha, isuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usipashe maziwa ndani ya chupa, na usiitikise kwa nguvu.

Au achana na chupa, tumia kikombe kidogo cha chuma. Hata mchanga anaweza kunywa kwa kikombe, hospitalini twawafundisha akina mama kila siku, na kikombe chaoshwa kirahisi kuliko nyonyo. Na hicho kidogo ulichonacho mwenyewe endelea kuwapa, kila tone.

Mama wa Mapacha

Asante sana dada. Mungu akubariki.

Mzee wa Ubungo

Nimekaa kimya nasoma. Nina swali la haki kabisa. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Dodoma na Manyara mwaka 2016 tukazika wengine. Hiyo ni kuvu, ya asili, haina kiwanda. Kwa nini uzi wa nailoni unafika kurasa zote hizi na uzi wa sumukuvu unakufa na komenti nne?

Nyangumi wa Kigamboni

Mzee hapo umenishika na sina ubishi. Sumukuvu inaua zaidi, ushahidi wake ni mzito zaidi, na wanaoumia ni wenye sauti ndogo. Nadhani plastiki inatisha kwa sababu tunaiona ngeni, mahindi ni ndugu.

Ila kuacha mfuko kwenye sufuria hakumzuii mtu kuanika mahindi yake vizuri. Mikono ni miwili.

Kibanga

Na zile plastiki kwenye mishipa ya moyo? Niliona habari.

Mtu wa Maabara

Italia, ulichapishwa Machi 2024. Wagonjwa 257 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kusafisha mshipa wa shingo. Zaidi ya nusu walikutwa na plastiki kwenye yale mafuta yaliyotolewa, na hao ndani ya karibu miaka mitatu walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wenzao. Hauthibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyofanya. Inawezekana wenye plastiki nyingi wana maisha tofauti kwa mambo mengine. Lakini ni utafiti wa kuufuatilia, siyo wa kuupuuza.

Mwaka huo huo Columbia, New York, walihesabu wastani wa chembe 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa, nyingi zikiwa ndogo mno ambazo vifaa vya zamani vilikuwa haviwezi kuziona. Idadi imekuwa kubwa kwa sababu darubini imekuwa kali. Siyo kwamba mwaka jana zilikuwa chache.

Kibanga

Nimegeuza dumu la ofisini. Namba 7, PC. Limepauka na lina mikwaruzo, linashinda juani getini likisubiri bodaboda.

Fundi Prifomu

Lirudishe, udai lingine. Likishapauka na kuchakaa ndani limechoka, halitakiwi kujazwa. Na mwambie mlinzi madumu yakae kivulini. Ukiweza kuchagua muuzaji, chukua mwenye madumu ya PET. Likifika usilisugue ndani na steeluli, usilisuuze kwa maji ya moto. Na hakikisha alama ya TBS, wao ndio wenye jukumu la usalama wa chakula tangu 2019.

Mama Riziki

Nimejaribu kitambaa. Wali umeiva, umechambuka, ukoko umepatikana vizuri kuliko zamani. Ila kitambaa kimeshika harufu ya iliki na karafuu za pilau ya jana, wali mweupe ukanukia. Mteja mmoja kaniuliza leo kuna sherehe gani.

Nyangumi wa Kigamboni

Weka viwili dada, cha pilau na cha wali mweupe. Chemsha na magadi kidogo kisha suuza sana.

Jirani wa Kampala

Nyote mmesema chuma, chuma. Hizi sufuria za kienyeji za kuyeyusha vyuma chakavu, zinazofuliwa pembeni ya barabara, nazo ni salama? Hapo wanayeyusha bloku za injini, redieta na kila kitu.

Mtu wa Maabara

Hapana, na hilo linaweza kuwa zito kuliko mengi tuliyoongea. Watafiti walizipima za Kameruni mwaka 2014, madini ya risasi (lead) yakatoka, hasa kwenye vyakula vya asidi kama nyanya. Risasi kwa mtoto haina kiwango salama. Fungua uzi wake mkuu, nitag, nina mengi ya kusema kuhusu ukwaju na sufuria hizo.

Mzee wa Ubungo

Mnitag na mimi. Hizo sufuria mimi ndiyo nauza.